Siku Jua Lilipomnyamazisha Hilda

Kwa miaka sita Dorothea alizungumza na Hilda kila asubuhi saa nne, na hawakuwahi kuonana. Dorothea alikaa kwenye redio kol, ile ya kuitana na vituo vya mbali, ya ofisi ya dawa mjini Dodoma. Hilda alikuwa muuguzi wa zahanati moja huko Bahi. Wakimaliza ya kazi, waliulizana habari za watoto na mvua. Sauti ya Hilda ilikuwa nyembamba, hata Dorothea akazoea kumwona kichwani kama mwanamke mdogo, mwepesi.

Asubuhi moja ya Machi 1989 Dorothea hakusikia kitu ila mvumo, kama mchele unaopepetwa mbali. Kesho yake vilevile. Akamwita mzee Yotham, fundi redio wa Nkuhungu.

"Shikamoo, mzee. Imekufa?"

"Marahaba. Redio ni nzima. Linalosumbua ni jua."

Akachukua sumaku ya spika mbovu, akaifunika kwa karatasi, akanyunyiza unga wa chuma. Unga ukajipanga wenyewe, ukachora matao.

"Jua nalo lina nguvu hii," alisema. "Matao yake huinuka juu kuliko dunia yetu ilivyo kubwa, yamebeba gesi ya moto. Chini yake jua linachemka, basi yanasokotwa. Yakikazwa mno yanakatika, yanaungana upya, na moto unarushwa huku. Unavuruga anga la juu, pale mawimbi ya redio yanapodunda."

"Mbona hatuyaoni?"

"Mwanga wenyewe unayaficha."

Dorothea alitoka uani, akafumba macho, uso ameuelekeza juani. Nyuma ya kope wekundu ulitembea polepole, na yeye akaona nyuzi zikipinda, zikisokotana bila sauti. Chai yake ilipoa mezani. Alipofumbua macho alikumbuka kwamba juzi Hilda alilalamika dawa ya nyoka imekaribia kwisha, na mvua ndiyo hiyo, ya kuwatoa nyoka mashimoni. Akafunga boksi la dawa hiyo, akapanda treni ya Bahi.

Bahi maji yalikuwa yametanda mashambani, yanameremeta. Mlangoni pa zahanati alisimama mwanamke mrefu, mabega mapana.

"Karibu, dada. Unamtafuta nani?"

Ilikuwa ile sauti nyembamba. Dorothea akacheka.

"Dodoma hapa," alisema. "Nakusikia vizuri."

Hilda alilipokea boksi, akaliweka chini, akamkumbatia kwa muda mrefu. Mchana kutwa walikaa barazani, Dorothea akimchorea matao ya jua hewani kwa kidole, na Hilda akikifuata kile kidole kwa macho.