Unga Mweupe wa Frigeti

Siku yangu ya kwanza kwenye yadi ya chuma chakavu, msimamizi alinipa miwani myeusi na glavu zilizotoboka kidole gumba, akanionyesha meli. Vipande vya meli, tuseme, vimelazwa kando ya reli, vingine vikubwa kama nyumba. Nikacheka. Johannesburg haina bahari, hata ziwa la maana haina! Mimi mtu wa Tanga nilifika huku mwaka tisini na nne nikimfuata mke, aliyekuwa mkimbizi kwetu Tanzania, kule Morogoro, akarudi kwao.

Ile ilikuwa frigeti, yaani manowari ya kusindikiza meli nyingine na kuwinda nyambizi. Mapokezi walitundika historia yake kwenye fremu, na msimamizi alipenda kutusimulia: ilijengwa Uingereza baada ya Vita Kuu ya Pili, ikaja kuwatumikia Makaburu, ikafanyiwa ukarabati mkubwa ili helikopta itue mgongoni, kisha ikawekwa akiba mpaka kutu ikaishinda. Pwani waliikata mapande, treni ikatuletea sisi tuyapunguze yaingie tanuruni. Mke wangu aliposikia alipiga vigelegele. "Meli ya Makaburu? Kata, baba, kata na sehemu yangu!"

Nami nikakata kwa furaha, mjinga mimi.

Mwenzangu alikuwa Papa Kalonji, Mkongomani wa Lubumbashi, fundi hasa wa kukata chuma kwa gesi. Kwa mlio wa moto tu alijua oksijeni imezidi. Sasa, bomba la mvuke hulikati mpaka ulivue koti lake, maana melini mabomba huvikwa kitu cheupe cha kuzuia joto. Tulikivua kwa mikono. Kilivunjika kikawa vumbi kama unga wa muhogo, tukatoka weupe mpaka kope.

"Chef, huu unga ni nini?" Kalonji alimuuliza msimamizi.

"Chokaa tu," msimamizi akasema. "Kata."

Tukaamini, tena tukazidisha. Kwa kuwa kile kitu hakiungui, tulikibeba nyumbani. Kalonji alikandikia jiko lake la mkaa, mimi nikatandika chini ya jiko letu la mafuta ya taa, pale mtaani Observatory. Majirani wakaomba, tukawagawia. Kama sadaka! Nikikumbuka natamani kujizaba kofi.

Baada ya miaka kadhaa Kalonji akaanza kukohoa. Kliniki wakasema TB, akameza dawa miezi sita, kikohozi kikabaki. Wakamwanzishia tena. Ndipo daktari mmoja, binti mdogo, akamuuliza kama amewahi kushika asbesto, mawe yenye nyuzi ambazo zikiingia pafuni hazitoki. Kalonji akajibu hapana, chokaa tu. Daktari akataka karatasi ya kazini inayotaja tulichoshika, la sivyo mzee wa watu ataendelea kutibiwa ugonjwa usio wake.

Nikaenda kwa meneja.

"Meli ile haikuwa na asbesto," akasema. "Nani kakufundisha neno hilo?"

Nilitoka nimevimba kwa hasira. Mapokezi nikamkuta karani, binti wa Soweto. Mimi Kiingereza nakisikia, kukisoma ni mlima. Nikamwita sisi, yaani dada kwa lugha ya huku: "Sisi, nisomee hii fremu yote, usiruke kitu." Akasoma majina ya makamanda, bandari, gwaride, mpaka kwenye ule ukarabati. Hapo akaurudia mstari kwa kidole.

"Eish, baba. Imeandikwa. Mabomba yote ya boila yalivikwa upya, kwa asbesto."

Miaka tisa nimepita mbele ya ile fremu kila asubuhi, na wao kila asubuhi wanaisoma! Akanitolea nakala palepale. Daktari aliposoma akazisimamisha dawa za TB, akatuambia ukweli: ugonjwa wa asbesto hauna tiba. Kalonji alifariki kabla ya Pasaka, na cheti chake kimeandikwa ugonjwa wake wa kweli. Hilo tu ndilo tulilopata.

Mimi nilistaafu mwaka elfu mbili na saba. Waliniandalia keki. Meneja akahutubia, akaisifu ile frigeti kama kazi iliyotupa jina, akamalizia, "Meli ya kivita, lakini katika utumishi wake wote haikuua mtu hata mmoja."

Nikasimama. "Imeua mmoja ninayemjua. Andika."

"Kaa, mzee wangu, ule keki."

Sikukaa. Nikamtajia jina, Kalonji, fundi wa gesi, Lubumbashi, taratibu kama kwa mtu anayeandika. Wenzangu wakaweka sahani chini. Meneja alikuwa na kalamu mfukoni mwa shati, na hakuitoa.