Kitundu Moyoni mwa Mdogo Wangu

Shule yetu pale Kalemie haikuwa na maabara. Siku moja prof, mwalimu wetu wa biolojia, akatuambia tulete mioyo ya wanyama, yoyote tutakayopata. Mama yangu aliuza samaki ufukweni mwa ziwa, basi nikamwomba moyo wa sangala.

"Watu wananiomba kichwa, weye unataka moyo?" Akacheka, akauchomoa nyuma ya mashavu ya samaki, akaufunga kwenye jani la mgomba.

Darasani prof aliipasua mioyo tuliyoleta kwa wembe, tumemzunguka. Wa samaki, vyumba viwili. Wa chura, vitatu. Wa kuku, vinne. Akatueleza kwamba zamani sana viumbe walipoanza kutoka majini na kuvuta hewa kwa mapafu, moyo nao ukabadilika, vizazi kwa vizazi.

"Hata ninyi," akasema, "tumboni mulianza na moyo kama mrija. Kisha ukagawanyika. Lakini mutoto wa tumboni hapumui, kwa hiyo kunabaki kitundu kati ya vyumba vya juu, damu ipite bila kuzunguka mapafuni. Akizaliwa na kuvuta hewa, kinaanza kujifunga."

Nilimkatiza bila kuruhusiwa. Nyumbani tulikuwa na mdogo wangu wa miezi mitano, aliyetoka jasho kila aliponyonya. Daktari alikuwa amesikia sauti moyoni mwake, akasema kuna tundu, tungoje. Mama aliamini kosa ni lake, kwa kuwa alibeba mabeseni ya samaki hadi wiki ya kujifungua.

"Prof, na kisipojifunga? Ni kosa la mama?"

Akaweka wembe chini. "Mara nyingine kinachelewa. Haiko kosa ya mama."

Nilikimbia hadi ufukweni. Mama alinisikiliza huku akiparua magamba, kisha akanawa mikono, akamchukua mtoto aliyelala kando yake, akaweka sikio kifuani pake.

"Rudia ile ya mwisho," akasema.

"Haiko kosa ya mama."

Akalia pale pale, mbele ya wateja.

Tulimpeleka mtoto hospitali mara nyingi. Alipofikisha miaka mitatu, daktari alisikiliza kwa muda mrefu, akasema, "Sisikie ile sauti tena."

Leo mdogo wangu anafundisha shule huko Manono. Prof alistaafu akarudi kwao Mpala, sikuwahi kumshukuru. Nikikumbuka darasa lile lenye madirisha bila vioo, natamani nirudishwe huko hata kwa saa moja.