Siku Niliyokubali Bei ya Kwanza

Siku niliponunua maziwa kwa bei ya kwanza, mama muuza maziwa alitua dumu lake chini akanitazama kama mtu aliyepewa noti bandia.

"Babu, unaumwa?"

"Siumwi. Nipimie."

Asubuhi ile nilikuwa nimejigusa paji la uso, mara mbili kama kawaida yangu, likawa baridi kama jiwe. Sisi Wafipa tuna hesabu yetu: upepo wa Juni ukikupiga na mwili haujachemka, huo ni uchovu tu. Tangu mke wangu afariki, hakuna mkono mwingine wa kuhakikisha.

"Tangu nikujue hujanunua bila kuyasema vibaya maziwa yangu," akasema. "Chukua koti, twende."

Kituo cha afya wakasema ni nimonia. Nikabisha. Nimeuza maharage sokoni Sumbawanga maisha yangu yote, sipokei neno la kwanza la mtu.

"Nimonia bila joto? Punguza basi, iwe mafua."

Daktari, binti mdogo, hakupunguza. Alisema seli za kinga huitana kwa kemikali. Inayomwona mdudu hutoa taarifa, wenzake wanakuja, na taarifa hizohizo ndizo zinazoupandisha mwili joto. Uzeeni inayoita huita kwa sauti hafifu, na inayoitwa husikia kwa shida. Nyingine, ajabu, hupiga kelele kutwa pasipo mdudu wowote, zikiuchosha mwili bure.

"Kwa hiyo babu, usingoje homa. Ukikosa hamu ya kula, ukibadilika tabia, njoo. Anayeishi nawe ndiye ataona. Unaishi na nani?"

Nikahesabu. Nikarudia kuhesabu.

"Na redio."

Nilipona. Wanangu hupiga simu kutoka Dar, huuliza kama nina homa. Nawajibu sina, na ni kweli. Lakini kila asubuhi nilimwambia yule mama kwamba maziwa yake yana maji ya bomba, naye akaniambia nitazikwa na ubahili wangu. Hapo sote wawili tulijua mimi ni mzima.

Jana alikuja na habari kwamba majani yamekwisha huku juu, yeye na wa kwao wanashusha ng'ombe bondeni, Mtowisa.

"Mpaka mvua, babu."

"Leo bei gani?"

Akataja. Nikakata nusu. Akakubali papo hapo, akanipimia huku akiangalia pembeni. Nilitamani abishe.

Leo nimejigusa paji la uso. Baridi. Nimejigusa tena.