Kiberiti Kwenye Pindo la Khanga

Kila tuliposhuka bondeni, mke wangu alikifunga kiberiti kwenye pindo la khanga yake. Sababu ilikuwa mimi.

Nilistaafu ukarani Mbeya nikarudi kijijini kwetu Iringa na cheti cha kidato cha nne, nikiamini wakulima hawaendelei kwa sababu hawapendi usafi. Miaka yote niliyokuwa mjini, mke wangu alikuwa akilima kinyungu, kile kipande cha bonde chenye unyevu ambacho kwetu hulimwa kiangazi, mashamba ya juu yakiwa yamekauka. Alifyeka nyasi, akazilaza kwa mistari, akazifukia kwa udongo mweusi mpaka zikawa matuta, kisha akasubiri zioze ndipo apande. Kazi hiyo ilimchukua wiki tatu. Mimi niliimaliza mchana mmoja, kwa njiti moja ya kiberiti.

"Shemeji," mdogo wake aliniita akiwa njiani, "leo unapika nini huko? Moshi tunauona, harufu ya nyama hatuisikii."

Nilicheka. Mwaka ule mahindi yalistawi kweli, maana majivu yana nguvu yake ya muda, nami nikatembea kifua mbele. Nikachoma tena mwaka uliofuata, na uliofuata. Kufikia wa nne, mahindi yalikuwa ya njano, maharage yana punje mbili mbili kwenye ganda, na udongo umepasuka kama kisigino. Mke wangu hakugomba. Aliacha tu kushuka bondeni. Akawa anapanda gari kwenda sokoni Ipogolo kununua mboga, yeye ambaye majirani walikuwa wakija kumwomba.

Nilipomwona akirudi na fungu la mchicha lililonyauka, nililikumbuka daftari langu la baiolojia. Shuleni nilichora humo mzunguko wa naitrojeni, mishale yote mahali pake: jani, ng'ombe, samadi, vijidudu vya udongoni, halafu jani tena. Mwalimu alinipa alama zote. Haikunijia hata siku moja kwamba ule mchoro ulikuwa unalizungumzia bonde la mke wangu.

"Mama," nikamwambia mke wangu jioni ile, "kile kinyungu nilikiua mimi."

"Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya moshi. Nilikwambia, ukanijibu kwamba mimi nimeishia darasa la saba."

Neno hilo nilikuwa nimelisahau. Yeye alikuwa nalo miaka yote minne.

Aliendelea kuchambua mchicha. "Jua linakuja lenyewe kila asubuhi, hatuliombi. Udongo nani anauletea chakula? Unakula nyasi zake zilezile. Wewe ukazipeleka juu kwa moshi."

Nikamwomba turudi tukaanze upya. Alikubali, ila kiberiti akachukua yeye. Nilifyeka mwenyewe, kwa mgongo huu wa karani, nikabeba mabua, maganda ya maharage na samadi ya jirani. Mwaka wa kwanza hatukupata kitu cha kumwonyesha mtu. Wa pili tulikula mboga za majani, kidogo.

Mwaka huu, siku ya kufungua matuta, nilipiga jembe nikakuta nyasi za chini zimelainika, nyuzi nyeupe za kuvu zimezishika, na nyungunyungu wawili wanajikunja kukwepa mwanga. Mke wangu aliinama, akachukua udongo kiganjani, akaunusa. Kuku wetu, ambao zamani hawakuwa na haja na bonde lile, walikuwa wameshuka na kuanza kuchakura tuta la pembeni. Akataka kuwafukuza.

"Waache, Mama. Na wao wamo kwenye mchoro."

"Mchoro wako haujawahi kushika jembe," alisema, akacheka kwa namna ambayo sikuwa nimeisikia tangu nistaafu.

Kisha akafungua pindo la khanga, akanipa kiberiti.

"Nenda kwenye mafiga pale, uchemshe chai. Na usipitie kwenye nyasi."

Nikazunguka mbali, kwenye njia ya juu, nimekishika kiberiti mkononi ambapo angeweza kukiona.