Mwanya wa Njiti Moja

Katika kliniki yetu ya meno sifa zote huenda kwa daktari. Mgonjwa akitoka mbele ya kioo anamshika daktari mikono miwili, anamshukuru hadi machozi. Mimi niliyekaa mapokezi najisemea kimoyomoyo: ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Aliyeviunda yuko chumba cha nyuma, nyusi zimejaa vumbi la plasta.

Huyo ni Fundi. Ana miaka ishirini na sita kwenye chumba kile. Ana meza iliyoungua kwa moto wa kuyeyushia nta, tanuru dogo la kuchomea meno ya kauri analolisalimia asubuhi kabla ya kunisalimia mimi, na rafu ya mataya ya plasta, nakala za vinywa vya wagonjwa, kila taya na namba yake. Kazi yake kubwa ni madaraja. Ukipoteza jino, daktari anachonga meno mawili ya jirani na kuchukua chapa ya mdomo wako, kisha Fundi anatengeneza meno yaliyoshikana: ya pembeni ni kofia za kuvisha meno yaliyochongwa, la katikati linakaa pale kwenye pengo likijifanya limeota. Likitoka mkononi mwake, hata mama yako mzazi hatalitambua.

Maringo anayo, tena si haba. Yeye mwenyewe hana gego moja la kulia, na nikimuuliza kwa nini asijitengenezee, ananijibu kuwa kinyozi hajinyoi na nipunguze umbea. Na alikuwa na msimamo mmoja: hatoki kuonana na mgonjwa. "Watu ni wa daktari," alikuwa akisema. "Mimi nileteeni plasta. Plasta haisemi uongo."

Basi akaja mama mmoja muuza mitumba. Kule sokoni hakuna anayejua jina alilopewa na wazazi wake. Wote wanamwita Mwanya, kwa ule mwanya wa meno ya mbele aliojaliwa, na ulikuwa ndio kibao cha biashara yake: anapanda juu ya meza, anainua gauni la kuuza, anacheka, watu wanasogea. Siku moja robota jipya la nguo lilishuka na mkasi haukuonekana. Akafanya wafanyavyo wote pale, akajaribu kuikata kamba kwa meno. Ile kamba ngumu ya plastiki haikukatika. Yalivunjika meno mawili ya mbele, hadi kwenye fizi, na mwanya ukaenda nayo.

Kwa miezi minane alikuwa akinadi nguo huku kaziba mdomo kwa kiganja. Wateja wakahamia meza ya jirani.

"Mdogo wangu," aliniambia siku ya kwanza, "mimi nisipocheka ni mtu tu aliyesimama karibu na nguo kuukuu."

Niliumia kumsikia. Nikamjazia fomu haraka, umri, simu, meno gani, rangi gani. Fomu haikuuliza zaidi ya hapo, na mimi sikuuliza.

Wiki mbili baadaye daraja likawa tayari, meno manne yamepangana kama askari wa gwaride. Fundi alilileta mwenyewe hadi mezani kwangu, kalilaza juu ya pamba. "Hili ndilo bora tangu nianze kazi," alisema. Sikuwa na la kubisha.

Daktari akalipachika kwa majaribio, bila gundi. Mama akashika kioo. Akafumba mdomo, akafumbua, akafumba tena.

"Yamependeza," alisema. "Ila huyu si mimi."

Mumewe, mtu mkimya ambaye tangu asubuhi alikuwa hajasema zaidi ya "hamjambo", aliinuka kutazama. "Umekuwa kama yule dada wa taarifa ya habari," alisema, na haikuwa sifa.

Daktari akapaza sauti kuelekea nyuma: Fundi, mgonjwa anataka mwanya. Jibu likapenya ukutani bila kuhitaji simu.

"Daraja ni meno yaliyoshikana! Mwanya ni nafasi! Sasa nishikanishe nafasi?"

Yule mama alishuka kwenye kiti, kitambaa cha kliniki bado kiko kifuani, akaenda chumba cha nyuma, mumewe akimfuata. Miaka yote hiyo hakuna mgonjwa aliyewahi kuukanyaga mlango ule. Niliwafuata mbio, nisipitwe.

"Kaka, habari za kazi."

"Nzuri." Fundi hakuinua kichwa.

"Mkono wako haujakosea, hilo nalisema. Lakini kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Soko zima linaniita Mwanya. Nikisimama mezani na meno haya, wataniita nani?"

Fundi aliweka kisu cha nta chini. Akachukua taya lenye namba yake rafuni, akalitazama, kisha akamtazama mwenye taya.

"Hebu cheka," alisema.

"Nicheke nini?"

"Chochote."

Alijaribu. Kiganja kikapanda chenyewe kuziba mdomo. Nilitaka kulia.

Mumewe akasema kutoka mlangoni, "Mke wangu, kumbuka ulivyomuuzia mwalimu mkuu suruali ya kike, akaivaa mwezi mzima."

Hapo alicheka. Kiganja kilianguka, kichwa kikaenda nyuma, mdomo wa juu ukapanda hadi fizi zikaonekana, na daraja lisilo na gundi likachomoka. Fundi alilidaka hewani.

"Mwanya ulikuwa na upana gani?" aliuliza, akiwa amelifumbata.

"Njiti mbili za kiberiti zilipita."

"Moja," alisema mumewe. "Miaka kumi na tisa nautazama mimi. Njiti moja."

Fundi akavunja njiti ya kiberiti, akaisimamisha juu ya plasta.

Alihangaika siku tisa. Aliyapunguza upana meno yale mawili, akayaunganisha kwa kitanzi chembamba cha chuma kinachopita nyuma, juu ya kaakaa, pasipoonekana. Aliharibu nta mara tatu na kugombana na tanuru. Lakini daktari alipolibandika kwa gundi, yule mama hakuomba hata kioo. Alipitisha ulimi kwenye nafasi ile, akamwangalia mumewe, na mumewe akatikisa kichwa kukubali. Safari hii Fundi alikuwa amesimama mlangoni.

Jumamosi nilimkuta Fundi sokoni, kajibanza nyuma ya watu. Mwanya alikuwa juu ya meza, mikono yote miwili imeshika nguo. Jumatatu Fundi alikuja kazini na shati linaloweza kuwatosha yeye na daktari kwa pamoja.

"Fundi, hilo ni kubwa."

"Najua. Alicheka, nikashindwa kukataa."

Kisha akadai fomu zangu zote. Aliporudisha, kila moja ilikuwa na mstari mpya aliouandika kwa mkono wake, juu kabisa, kabla ya umri na simu: *Aje nyuma kwangu kwanza, acheke.*