Mwigizaji Asiyesema na Binti Yangu

Jumamosi, kwenye maktaba ya mtaa wa West Side hapa Buffalo, Marekani, walionyesha filamu ya zamani isiyo na sauti. Mimi nilikuwa nimempakata binti yangu wa miaka mitatu, bado hasemi hata neno, wiki ijayo daktari anampima, basi roho iko juu juu. Mama mmoja Mrundi mbele yetu akashindwa kuvumilia ule ukimya. Kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania tulizoea mtu wa kututafsiria filamu kwa kelele, kwa hiyo akaanza kumsemea mwigizaji wa kike: "Huyu dada anamwambia mumewe, toka! Rudi huko huko ulikolala!" Tukacheka.

Mwishoni mkutubi akaeleza kwamba mwigizaji yule alipendwa miaka mingi, ila filamu zilipoanza kusema, akaachishwa kazi kwa sababu ya lafudhi yake.

"Kumbe na wewe!" yule mama akaiambia picha ukutani. "Pole mwanangu, karibu kwetu kiwandani, huko hawaulizi lafudhi."

Nyumbani nilimnyima binti yangu biskuti. Akaweka mkono kwenye paji la uso, akafumba macho, akaanguka taratibu kwenye kochi, vilevile kama yule dada alivyozimia kwenye filamu.

Hofu haijaisha. Lakini daktari akiniuliza kama mtoto anajua kujieleza, nitamwambia alete biskuti, kisha amnyime.