Albamu ya Tano ya Mjomba

Mjomba wangu alipiga kinanda kwenye bendi ya roki yenye nyimbo za dakika ishirini, zinazobadilisha mapigo kila unapoanza kutikisa kichwa. Albamu nne za mwanzo zilipata wapenzi. Ya tano, aliyoihangaikia miaka mitatu, haikupata hata mmoja. Bendi ikafa, yeye akawa fundi wa kutengeneza cherehani, na mkewe akatandika majalada ya albamu yaliyobaki kwenye droo za jikoni. Mjomba hakutaka makuu. Alitaka tu watu waisikilize mpaka mwisho, kabla masikio yake hayajaziba kabisa.

Mimi, mtoto wa dada yake, nilichoka na wimbo huo. Nikaichukua kanda yenyewe ya studio, nikampelekea mtangazaji mmoja wa redio, kijana mwenye maneno mengi. Jumapili mchana mjomba alivaa shati lake la harusi, akakaa sebuleni, sikio kwenye spika.

Sauti ya kwanza tu, uso ukamshuka. Watu wa studio hawairudishi kanda mwanzo wakimaliza. Huihifadhi hivyo hivyo, mwisho ukiwa nje, na anayetaka kuipiga ndiye huirudisha. Mtangazaji, mtoto wa kompyuta, angejulia wapi? Albamu nzima ikapigwa kinyumenyume, mwimbaji akiyameza maneno yake.

Simu zikamiminika. Wasikilizaji walisema hawajapata kusikia kitu kama kile. Mke wa mjomba, aliyemcheka miaka thelathini, alimshika bega akalia. Nilimsihi mjomba apokee sifa na kunyamaza. Wapi. Alipiga simu kituoni akaeleza kosa, tena kwa kuomba radhi, kana kwamba ni lake.

Jumapili iliyofuata mjomba akavaa tena shati lile, na albamu ikapigwa sawasawa. Dakika ya tisa mtangazaji aliukata muziki, akampigia mjomba, wote tukisikia redioni.

"Mzee wangu, samahani kwa kusema. Watu wanaitaka ile ya wiki jana."

Mkewe alikuwa keshaingia jikoni. Mjomba akanigeukia.

"Na wewe, mwanangu? Unaipenda ipi?"

Uongo mmoja tu ungetosha, na mpaka leo sijui kwa nini niliubania.

"Ile ya wiki jana, Mjomba."

Akaitikia kwa kichwa, akazima redio, akavua shati la harusi na kulikunja vizuri. Kisha akaivuta cherehani ya jirani, akaanza kuifungua.